Mlango wa Trela ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu na mimi hatukuwa na ugomvi wowote. Tulikuwa tu hatuzungumzi, kama inavyotakiwa. Kwetu Ukambani mwanamume na mama aliyemzaa mke wake huoneana haya. Hawapeani mikono, hawaketi wakitazamana, hawali pamoja, na kitanda cha mama huyo hata kukiona ni makosa, sembuse kukigusa. Vijana wengi wa mjini wameachana na mambo haya. Wanawakumbatia wakwe zao mbele ya kamera za harusi na hakuna anayeanguka akafa. Mama mkwe wangu hakuachana nayo, na mimi nilimfuata kwa sababu nilimheshimu na pia, nisiseme uongo, kwa sababu nilimwogopa.

Taratibu hizi zilitungwa na watu wenye maboma mapana. Wakwe zangu wanaishi katika nyumba ya chumba kimoja, kwenye mtaa wa zamani usio mbali na Soko la Burma, chumba kimekatwa kati kwa pazia. Nikifika hukohoa mlangoni, naye hupita nyuma ya pazia na sufuria yake. Kutoka huko humwambia mke wangu, "Muulize bwanako kama ataongezewa chai," ilhali mimi nimeketi pale pale nikisikia kila neno. Mimi namjibu mke wangu, mke wangu anamjibu mama yake, na chai inakuja. Ndoa yetu yote tumeishi hivyo, na marafiki zangu wanaokosana na wakwe zao kila Krismasi wananionea wivu.

Baba mkwe alikuwa dereva wa watalii. Maisha yake yote ya kazi aliwapeleka wageni mbugani, wao wakalala kwenye mahema yenye mashuka meupe, yeye akalala ndani ya gari akiwa amekunja miguu. Alirudi nyumbani na hadithi za ndovu na simba, na kila mara alimwambia mkewe kwamba akistaafu atampeleka naye akaone. Mama mkwe alizaliwa Ukambani, akaletwa Nairobi akiwa bibi harusi, na ndovu aliyemjua ni yule wa kwenye kalenda ya ukutani. Basi mzee akastaafu. Hoteli za huko si za watu wa aina yetu, na mama akasema wazi kwamba halali kwenye hema la kitambaa simba wakimnusa miguu.

Mzee akapata jibu lake. Zamani aliwahi kuona wageni fulani wakivuta nyuma ya gari lao chumba kidogo cha kulala, kimejikunja kwa juu mfano wa tone la maji lililolazwa ubavu. Alikuja kwenye karakana yangu Kariobangi, akachukua chaki yangu, akakichora sakafuni. Ndani ni godoro tu la watu wawili. Nyuma kuna kifuniko, ukikiinua unakuta jiko. Kila upande una mlango mmoja.

"Sio kitu kikubwa," akasema. "Ni mimi na mama yenu."

Hapo ndipo ningepaswa kusema hapana. Mimi ni fundi wa chuma, mageti na milango, na nusu ya watu wa Huruma wanalala nyuma ya milango yangu bila kunijua. Lakini huyu mzee alikuwa akiniomba nijenge chumba cha kulala cha mama mkwe wangu, kwa mikono yangu, na alikuwa akiniomba kwa furaha sana hata hakuliona jambo lenyewe. Nilitikisa kichwa kukubali, kama mjusi. Sijui kama kuna mkwe ambaye angefanya tofauti.

Fremu haikunisumbua. Niliichomelea kwa vyuma vyembamba vya mraba vyenye uwazi ndani, nikaifunga juu ya ekseli na springi, tukaivuta hadi kwenye uwanja ulio mbele ya nyumba yao, kwa kuwa karakana yangu ilikuwa imejaa mageti ya watu. Ilikuwa kosa kuipeleka huko. Fremu tupu ina umbo ambalo kila mtu anataka kulitolea maoni. Wazee waliuliza kama ni banda la kuku. Jirani mmoja wa kanisa aliuliza taratibu, akimvuta mke wangu pembeni, kama mzee ni mgonjwa na anajiandalia sanduku. Vijana wa pale nje hawakuuliza chochote taratibu.

"Niaje fundi," mmoja akaniita. "Hiyo ni ya kuuza soseji za smokie ama ni ya kulala? Juu kama ni ya kulala, miguu itabaki nje."

Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, halafu nikakumbuka dirisha la nyumba liko wazi na mama mkwe yuko ndani. Nikainamisha kichwa nikaendelea kutoboa.

Kuivalisha bati ilikuwa kazi nyingine. Nilitumia bati la alumini, laini, linalokumbuka kila kosa. Ukilipinda vibaya juu ya mgongo ule wa fremu linaweka kikunjo, na kikunjo hicho hakitoki hata ulie. La kwanza nililiharibu na kulitupa. La pili nililianzia katikati ya paa nikilishusha polepole mbele na nyuma, riveti baada ya riveti, mke wangu akilishikilia kwa matambara ili lisimkate. Ndani niliweka sponji ya kuzuia baridi na joto, nikaifunika kwa plaiwudi. Niliijaza sponji hiyo hadi kila kona, nikajisifu moyoni kwamba humo ndani mtu hatasikia hata fisi.

Kisha milango. Naijua milango. Lakini milango yangu yote huwa nimeisimamisha ndani ya kuta za mawe, na ukuta wa mawe haukai chini kwa sababu mtu ameketi. Trela inakaa chini. Nilipoitoa juu ya matofali niliyokuwa nimeiwekea na kuiachia isimame kwa springi zake, niliegemea kiwiko changu kwenye ubao wa kitanda kidogo tu, nikaona fremu ikinepa. Ule upenyo mwembamba kati ya mlango na fremu, kule kwenye kona ya juu, ulijifinya. Nilipoondoa kiwiko ulirudi.

Kila fundi anajua la kufanya hapo. Unamwita mwenye kitu, unamwambia aingie alale, unafunga mlango, unatazama ni wapi unapogusa, unapiga alama, unapunguza chuma. Ni jambo la kumaliza kabla chai haijapoa. Ila mwenye kitu alikuwa mama mkwe, na kile kilichokuwa humo ndani kilikuwa kitanda chake, godoro lilishatandikwa na shuka lake la maua lilishachomekwa pembeni. Kulala mimi mwenyewe juu yake sikuweza hata kulifikiria nikamaliza. Nilimwomba mke wangu.

"Kitanda ya mama yangu?" akasema. "Na wewe umesimama hapo unaniangalia? Hapana."

Mzee aliingia, ndiyo. Aliingia akicheka, akalala, akafunga na kufungua pande zote mbili, na milango ikatii. Lakini baba mkwe ni mtu mwembamba, shati lake linabaki na upepo ndani. Mama mkwe si mwembamba. Sasa nitoe wapi mdomo wa kumwambia mzee kwamba yeye hatoshi, aniletee mkewe? Hiyo ingekuwa ni kuutaja mwili wa mama mkwe wangu, ukubwa wake, mbele ya mume wake. Nilichukua tupa, nikasugua kona ile kwa kukisia, nikabandika raba, nikapaka silikoni, nikawaambia iko tayari.

Walipanga kuondoka Jumatatu. Jumapili baada ya ibada wanawake wa kanisa lake walikuja kuiombea trela, na waliokuja kuomba wakafuatwa na waliokuja kutazama, mpaka uwanja ukajaa. Mama mkwe alitoka nyumbani akiwa na sare yake ya kanisa na leso mabegani. Mimi nilihamia nyuma ya pikapu ya mzee, kama inavyonipasa, nikawa namwona kwa vipande tu kupitia kioo. Alizunguka trela mara moja. Aligusa bati kwa kiganja. Alitabasamu, na mimi huko nyuma ya pikapu nikajisikia fundi wa mafundi.

Wakamwambia aingie ajaribu. Aliingia kwa shida kidogo, akajilaza chali, na mara akajikuta amelala akitazamwa na mtaa mzima, shingo zimepangana mlangoni. Mama mkwe alifanya lile ambalo yeyote angefanya. Alinyoosha mkono akauvuta mlango akajifungia. Ule wa upande wa pili ulikuwa umefungwa tayari.

Mlango mzuri ukifunga unasema neno moja fupi. Huu ulitafuna. Nilisikia chuma kikiingia kwenye chuma, na kabla ya mtu yeyote kujua lolote, mimi nilikuwa nimeshajua.

Baada ya muda mzee akabisha, akamwambia mkewe atoke, watu wamemwona. Hakutoka. Mzee akavuta mshikio. Akavuta tena kwa mikono yote miwili, na mshikio ukabaki mkononi mwake. Watu walicheka, halafu kukasikika kugonga kutoka ndani, kwa kiganja, bila haraka, na kicheko kikaisha. Nilijaribu mlango wa upande wa pili, nao ulikuwa umeumana vivyo hivyo. Juu kulikuwa na kidirisha cha hewa, kwa hiyo hewa alikuwa nayo, lakini jua la mchana lilikuwa limelalia bati. Kijana mmoja alisema twende tukalete grainda tukate. Nilimwuliza kama anataka kumchoma mama wa watu kwa cheche, juu ya godoro. Nilimwuliza kwa ukali ambao hakuustahili. Niliustahili mimi mwenyewe.

Dawa niliijua. Mama alikuwa amelala katikati, na katikati ndipo fremu ilipokuwa imenepa ikaibana milango. Angesogea mbele, kule karibu na chuma cha kuivutia trela, milango ingeachia. Nilimwambia mke wangu amwambie hivyo. Akapaza sauti. Ndani hakusikia kitu, kwa ajili ya ile sponji yangu niliyoijaza kila kona, na kwa ajili ya wanawake wa kanisa ambao walikuwa wameanza wimbo wa kumtia nguvu, na walikuwa wakimtia nguvu kwa sauti ya juu kabisa. Mke wangu alijaribu tena. Kisha akageuka akanitazama, na nikaelewa kwamba itabidi niseme mwenyewe.

Nilipiga magoti kwenye changarawe. Niliweka mdomo kwenye ufa wa mlango, pale ambapo raba ilikuwa imechanika.

"Mama," nikasema. "Ni mimi."

Nilihisi uwanja mzima umenyamaza nyuma yangu, hata wimbo ulikatika.

"Nakusikia," akasema.

Sauti ilikuwa karibu sana. Nilimwambia asiogope, mlango umebanwa tu. Akauliza umebanwa na nini. Nilitafuta neno. Nadhani hakuna lugha yenye neno la mwanamume kumwambia mama mkwe wake jambo lile.

"Na uzito, Mama," nikasema.

Kisha ikabidi nimweleze jinsi ya kusogea, kwa sababu alikuwa chali na dari ni fupi na yeye si mtu wa kujikunja. Nilimwambia ageuke ubavu. Nilimwambia akunje magoti. Nilimwambia ainue nyonga ajisukume kwa miguu kuelekea mbele. Nilimwambia hayo yote kwa sauti ya kusikika, nikiwa nimepiga magoti, mbele ya mume wake, mbele ya binti yake, mbele ya waimbaji na vijana na wauza mboga. Mtu nyuma alicheka kidogo akazibwa mdomo. Baba mkwe alikuwa anatazama angani kana kwamba kuna ndege anayemhusu. Masikio yangu yaliwaka. Nilitamani bati lile lingekuwa kaburi langu na yeye awe nje.

Alijisukuma, akapumzika. Mdomo wake ulikuwa umefika kwenye ufa, kwani alipozungumza tena alinong'ona, na ni mimi peke yangu niliyemsikia.

"Nilijua," akasema. "Jana nikitandika hapa nilipanda na goti, nikaona mlango umesugua."

Nilisogeza sikio kwenye ufa.

"Ningekuambia aje? Nimtume mtoto wangu akwambie bwanake hajui kazi?"

Nilibaki pale na paji la uso kwenye bati la moto. Mama huyu alikuwa ameuona ubaya wa mlango nilioubuni mimi, nami nilikuwa nimeuona kabla yake, na kati yetu wawili kila mmoja alikuwa ameufunika ili asimwaibishe mwenzake. Kwa heshima hiyo ndipo akajikuta amefungiwa kama kuku wa kupelekwa sokoni. Nilimwambia ajisukume tena kidogo. Fremu ikalia, mlango ukaachia wenyewe, ukanifungukia usoni.

Nikamwona. Alikuwa amelala ubavu, magoti juu, leso imemwanguka, nywele zake nyeupe ambazo sikuwahi kuziona ziko wazi, jasho linamtiririka. Naye akaniona mimi. Niliziba macho kwa mkono wenye mafuta na kurudi nyuma mpaka nikagonga watu. Alitoka akashikiliwa na wanawake, akaingia nyumbani, hakugeuka.

Habari ilitoka nyumbani muda si mrefu, kupitia mke wangu. Mama amesema haingii tena kwenye kitu hicho, si kesho wala siku nyingine. Baba mkwe hakubishana. Aliinua kile kifuniko cha nyuma, akaanza kutoa sufuria alizokuwa amezipanga, moja moja, akizirudisha ndani ya nyumba. Alitoa birika. Alitoa majani ya chai na chumvi. Hakunilaumu hata kwa jicho, na ningependa sana angenilaumu. Alipopita na godoro la akiba kichwani alisema tu kwamba labda haikuandikwa, na kwamba ndovu hawaendi popote.

Lakini wanaozeeka ni wao, si ndovu. Mama anapanda ngazi moja ya mlango wake kwa kushika ukuta. Nilijua kwamba sufuria zile zikishaingia ndani zote, hazitatoka.

Mke wangu alinishauri nipange magunia ya mchanga kitandani nipime nayo. Nililiwaza. Lakini gunia halijigeuzi likaegemea kiwiko kutafuta mshikio, na ni pale pale mtu anapoegemea ndipo chuma kinaponepa zaidi. Ningekuwa nakisia tena. Nilichukua chaki na tupa, nikaenda hadi kwenye mlango wa nyumba yao, na kwa mara ya kwanza sikukohoa. Mama alikuwa ameshasikia hatua na kwenda nyuma ya pazia.

"Mama," nikaliambia pazia. "Naomba urudi ndani ya trela ulale, nikupime."

Mke wangu alikuwa anaosha vikombe. Aliacha.

"Nikikisia tena nitakufungia tena," nikasema, "na saa hiyo itakuwa porini." Sauti yangu ilikuwa mbaya, ilitoka kama ya mtu anayegombana. Nilikuwa nimefedheheka hadi mifupani.

"Muulize bwa..." akaanza, akaishia hapo. Nilisikia kiti kikilia. Halafu akaniuliza mimi, si mtu mwingine, kama watu wameenda.

Nilitazama nje. Walikuwepo wote. Watu wa uwanja ule hawafukuziki, na siku hiyo wasingeondoka hata kwa mvua.

"Hawajaenda, Mama."

Nilibaki nimesimama na chaki yangu inayeyuka kwa jasho la mkono. Kisha pazia likasogea. Alipita karibu nami, akishika ukuta, akashuka ile ngazi moja na kuvuka uwanja kichwa wazi, leso akiwa ameikunja mkononi. Baba mkwe alisimama na sufuria yake katikati ya njia. Hakuna aliyecheka. Mama aliingia kwenye trela, akajilaza katikati, akaivuta sketi ifunike miguu. Niliufunga mlango nusu, hadi pale ulipoanza kugusa, nikapiga magoti.

Nilimwomba aegemee kiwiko, kama mtu anayetaka kufungua asubuhi. Akaegemea. Kitanda kikashuka, mlango ukauma, na mimi uso wangu ulikuwa kwenye ufa, karibu na bega lake, nikiwa nimejifanya natazama chuma huku macho yangu yametazama changarawe.

"Umeona mahali?" akaniuliza.

"Nimeona, Mama."

"Hujaona. Unaangalia chini." Alivuta pumzi. Alikuwa analia kidogo, au ni jasho, na hakuziba uso. "Angalia vizuri."

Nikaangalia.